Unacheka na Nani?

Saa nane za usiku, Konde imelala,
nimecheka.
Mama akagonga ukuta kwa ngumi:
"Unacheka na nani, Biubwa?"

Nimwambie nini?
Nimecheka na mstari wa arubaini na mbili.
Siku tatu ukinitukana kwa maandishi mekundu,
leo nimefunga mabano niliyoyaacha wazi
kama mlango wa banda, na kuku wamerudi wenyewe.

Bando la usiku laanza saa sita, lakoma alfajiri.
Mchana mtandao ni wa wenye pesa
na mimi ni wa cherehani:
madera ya watu, sare za skuli, vifungo.
Basi nasoma saa ambazo wezi wanasoma milango.

Laptopu niliinunua kwa Faki, kule Wete,
kwa malipo ya miezi mitano.
Akaapa ni nzima.
Nzima, ila herufi A imeng'oka,
na bila A hata jina langu halifiki mwisho.
Nikatafuta konyo la karafuu, kavu, gumu,
ndilo kidole changu cha kumi na moja:
nabonyeza kile kijipira, A, A, A,
darasa zima linanukia msimu.

Mwalimu yuko mbali, sijui kwao ni saa ngapi.
Ananyanyua kikombe, anasema, "Hili ni rahisi,"
nami namrudisha nyuma mara sita
mpaka rahisi yake ichoke, iwe yangu.

Kitanzi nilikielewa:
mtu yumo juu ya mkarafuu, tawi, tawi jengine,
mpaka asione tena cha kuchuma.
Sharti nililielewa:
likitanda wingu, anua; lisipotanda, acha jamvini.
Kilichonishinda ni sifuri.
Kwa nini orodha ianze sifuri?
Wa kwanza aitwe sifuri, wa pili aitwe moja,
hizi ni hesabu za mtu anayetaka kudhulumu.

Mama akaingia, tochi ya simu machoni mwangu,
kaja kumkamata mwanamume.
Akatazama kioo: maandishi,
mistari iliyojivuta ndani nafasi nne nne
kama watu wanaoogopa mbwa.
"Ndiye huyu?"
"Ndiye huyu, mama."

Akakaa kitandani. Sijui kwa nini nikamwuliza yeye.
Nikamweleza orodha, nikamweleza sifuri,
nikangoja aniambie nilale.

"Weye hujapata kuuza karafuu," akasema.
"Kabla ya pishi ya kwanza
wamwonesha mnunuzi pishi tupu.
Waigeuza. Waigonga kitako. Ndipo mwahesabu.
Asiyeanza na tupu, huyo ndiye mwizi."

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kioo,
kikombe hewani, mdomo wazi,
kama naye anasikiliza.

Akaenda kuleta daftari lake la wachumaji, la msimu uliopita,
lile lenye jalada la kitambaa.
Yeye akisoma, mimi naandika:
Hadia, Shaame, Time, Asaa,
konyo linakwenda mbio.
Nikaianza orodha kwa sifuri, bila ugomvi.
Nikabonyeza.

Jumla ikatoka.
Wote walikuwa sawa na daftari, isipokuwa Hadia:
pishi tatu zimepungua, siku ya mvua,
kwa mwandiko wa mama.

"Rudia."
Nikarudia. Tatu.
"Hiyo mashine yako yakosea?"
"Yakosea sana, mama. Siku tatu imekosea kutwa.
Lakini ikikosea hupiga kelele."

Hakujibu. Alizima tochi, akatoka,
nikasikia sanduku la chumbani likifunguliwa,
na noti zikihesabiwa polepole,
halafu tena, tangu mwanzo.

Nikamfungulia mwalimu aendelee.
Akasema, "Sasa tukishajua kuhesabu, tu—"
Bando likakatika.
Msikitini wakaanza kuadhini.