Sehemu ya Pili

Mchezo wa kwanza uliishia mlangoni.
Shujaa kashika ufunguo, mkono umenyooka,
skrini ikawa nyeusi, na neno moja: Itaendelea.
Haikuendelea. Waliouunda walifunga kampuni,
wakatuacha tumesimama pale miaka kumi na tisa.

Basi tukauendeleza sisi, bila ruhusa wala mshahara,
watu watatu, chumba cha juu, Kondele,
juu ya kinu cha Nyar Uyoma.
Kinu kikisaga meza hutetemeka,
na joka tunalolichora hutoka na ukingo wa mawimbi.
Rading akasema, liacheni, linatisha zaidi hivyo.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa upanga.
Khayanga anazijua kanuni:
sehemu ya pili humnyang'anya shujaa alichochuma,
humwamsha ufukoni, hana kitu, hakumbuki kitu,
aanze upya kuua panya kwa fimbo.
Nikamuuliza, na ufunguo?
Alikufa kiu jangwani mara sita kwa ajili ya ule ufunguo.
Nilikuwa naye. Nilikuwa darasa la tano.
Sitamwambia leo kwamba alikuwa anaota.

Tukapiga kura. Ufunguo ukabaki.
Upanga tukaupa kutu.

Halafu theluji. Kule kwanza milima ilikuwa nayo,
na hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa.
Rading akashuka na simu
akampiga picha msagaji, unga ukimtulia begani,
kwenye kope, kwenye mikunjo ya kofia.
Sasa kaskazini yote ya ufalme ule
inanukia mahindi, kwa anayejua.

Lango la ngome lazima liulize kitendawili.
Hilo hatukulibishia, ni desturi hata kwetu.
Nikaliandikia langu:

   Hodi hodi mlangoni, jibu kwanza ndipo pita,
   Yupo nami safarini, mchana hunifuata,
   Nikiingia gizani, haji hata nikimwita,
   Ni nani huyo mwendani, asiyejua kuteta?

(Ukishindwa, lango linakudai mji, ukaupewe.
Khayanga alitaka likuue. Nilikataa.)

Lakini mlinzi wa daraja ndiye alitukosanisha wiki nzima.
Kule kwanza alikuwa na sentensi moja tu:
Pita, msafiri, daraja halidai.
Khayanga akasema, huyu sasa awe mfalme aliyepotea;
katika sehemu ya pili kila bawabu ni mfalme aliyepotea,
avue koti, alama ionekane kifuani, muziki upande.

Baba yangu alilinda bohari Barabara ya Obote
usiku kwa usiku, mpaka magoti yakamkataa.
Nilimsubiri ageuke.
Aligeuka saa kumi na mbili asubuhi,
akaja nyumbani na tochi na mkate nusu.

Sikuyasema haya yote. Nilisema tu, hapana,
na nikamwongezea mlinzi kigoda cha pili
na chupa ya chai. Ukikaa naye, kunakucha.
Hupati pointi. Hupati ngao. Kunakucha tu.

Ukabaki mlango.
Tuliandika vitu saba vya kuweka nyuma yake,
tukavifuta saba.
Bibi yangu alimaliza kila hadithi kwa kujitakia kimo,
akue alingane na mti wa kwa mjomba wake,
na alipolisema hilo hakuna aliyeuliza tena.
Mimi sikuwa na mti wa kusema.

Jumapili tukamketisha Ouko mdogo, mpwa wa Rading, ajaribu.
Umeme wa tokeni umebaki uniti mbili.
Hakuucheza ule wa kwanza, hakuzaliwa.
Akapita jangwa, akalijibu lango bila kufikiri,
akafika mlangoni, nasi nyuma yake hatupumui,
akafungua. Kama mlango.
Akachungulia alichokikuta, akasema, sawa.

Kisha akamgeuza shujaa,
akamrudisha njia yote, theluji, jangwa, kutu,
hadi darajani,
akakaa kwenye kigoda.

Chini, kinu kikanyamaza.
Ouko akasema, ngojeni kwanza, bado hakujakucha.