Ngazini, Stima Ikipotea

Stima ilipotea saa moja na robo,
katikati ya taarifa ya habari na ya kitunguu changu.
Nikatoka na jerikani kutafuta maji,
ghorofa tano chini, ghorofa tano juu,
kama kawaida ya Pipeline,
na wakati wa kurudi nikawakuta ngazini, kati ya tatu na nne,
watoto tisa, simu moja yenye asilimia sita,
na Kerubo wa darasa la saba
akiwagawia hofu kama njugu, mmoja mmoja.

"Ana kwato," alisema. "Ukimtazama usoni, mrembo.
Ukitazama chini, umechelewa."
"Kwato za mbuzi ama za punda?"
"Za punda."
"Punda hawezi ngazi!"
Kesi ikasikizwa papo hapo, mashahidi wakaitwa,
kwa umakini ambao sijauona
kwenye mkutano wowote wa wapangaji.

Nikaweka jerikani chini, nipumzishe mgongo.
Uongo. Nilitaka kujua ya kwato.

Bibi yangu, kule Pumwani, alitulaza na mumiani:
gari jeusi lisilo taa, ndoo, makoti marefu,
damu ya mpita njia.
Hatukuwahi kuwaona. Tuliwaona kila usiku.
Akileta ya sungura tulipiga miayo.
"Mumiani, Bibi."
Naye alijifanya kukataa
huku akikisogeza kigoda karibu.

Sasa nimekua. Nimeajiriwa, nimeachishwa, nimezika.
Nimejua vitu vinavyokuja bila kwato,
bila mbwa kubweka kwanza.
Zimwi angalau lina adabu:
hutanguliza harufu, hutanguliza upepo,
na lina linachokiogopa,
chumvi, jogoo, jina la Mungu.
Bahasha niliyopewa hospitalini
haikuogopa chochote.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Miaka yote nilidhani ni faraja.
Pale ngazini, maji yakinilowesha kiatu,
nikaona ni maagizo:
nenda ukajitambulishe mapema,
ungali mdogo, ukiwa na wenzako.

"Sasa yule mfu," alisema Kerubo.
"Alizikwa Jumamosi. Jumatatu akasukuma udongo,
akaja mjini kwa miguu,
akapanda ngazi. Hizi hizi.
Moja. Mbili. Udongo unadondoka..."
Watoto wakasongana
mpaka wakawa mnyama mmoja wa miguu kumi na minane.

Ndipo Simiyu, wa miaka sita, wa mlango 4C,
ambaye baba yake tulimchangia mwezi wa nane
sanduku likafika Bungoma,
akauliza, na haikuwa sauti ya woga:
"Akifika, anakumbuka mlango?"

Simu ikazima.
Betri, labda. Ama heshima.
Gizani nikamsikia Kerubo akimeza mate.
Mimi ningesema, hii ni hadithi tu, nendeni mkalale.
Sisi watu wazima ni waoga hivyo.

"Anakumbuka," alisema.
"Ndiyo maana anapanda polepole. Anahesabu."
"Ana njaa?"
"Sana."
"Ya watu?"
Akafikiri kidogo.
"Ya ugali."
Wakashusha pumzi, na bado waliogopa,
na hakuna aliyeinuka.

Stima ikarudi. Jengo zima likapiga vigelegele,
isipokuwa ngazi yetu:
watoto kumi wakikunja uso mwangani
kama watu waliodhulumiwa.

Asubuhi nikishuka,
mbele ya 4C nikakuta tonge la ugali
juu ya kifuniko cha kopo,
sukuma pembeni, sisimizi foleni.
Mama Simiyu alikuwa amesimama na ufagio.
Hakuniitikia salamu.
Alilitazama kwa muda,
akafagia kushoto, akafagia kulia,
akaliacha.