Wavu Katikati

Kumi na mmoja walikuja kwa basi kutoka Masasi,
ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa kwa msumari,
wa miezi miwili, shingo nusu manyoya nusu aibu.
Kondakta alinitoza nauli ya mzigo, akasema,
"Mama, mzigo wako umeongea njia nzima."

Sikuwatia bandani.
Nimeshawahi kuona mtu akitiwa bandani siku ya kwanza.

Niliwakatia kona, nikafunga wavu wa zamani,
ule uliokuwa ukizuia mbuzi kwenye miche ya mikorosho.
Wageni huku, wenyeji kule,
macho yafike, midomo isifike.
Siku kumi na saba.

Mkubwa wa wenyeji ni tetea mweusi, kishingo,
jina lake Mwenyekiti.
Alibaki peke yake mwaka wa kideri, tangu hapo banda ni lake.
Anakunywa kwanza. Wa pili anajua ni wa pili.
Hapa Newala maji hupanda kutoka bondeni,
hata kuku anajua ndoo ina foleni.

Mimi nilipoolewa hapa, kutoka Mingoyo,
Kimakonde changu kikiwa maneno manne,
hakuna aliyenigusa.
Bi Nambunga, mama mkwe, alinipa mkeka,
akanipa ming'oko ya kuchemsha, ya moto,
ila kila nilipokalia kigoda cha karibu na jiko
wifi yangu Asumini alikuwa na jambo dogo la kuchukua
chini ya kigoda kile kile.
Nilisimama mara ngapi, sikuhesabu.
Nilisimama miezi minane.

Usiku wa kumi na saba niliondoa wavu.
Usiku, maana kuku hana ugomvi gizani.
Nilimbeba mmoja mmoja,
moyo ukigonga kiganjani kama saa ya bei rahisi,
nikampachika kwenye ufito, katikati ya waliolala,
ili alfajiri waamke wakute ni jambo lililokwisha.

Waliamka. Halikuwa limekwisha.

Mwenyekiti alishuka wa kwanza, akawapitia
kama karani wa ghala anayekagua korosho:
huyu mkavu, huyu ana unyevu, dono, dono.
Jogoo hakusema kitu;
majogoo wa nyumba hii husubiri wenzao waamue.
Nilikuwa nimetundika fungu la kisamvu walirukie wote,
nimeweka vyombo viwili vya pumba, mbali mbali,
nimeinamisha tenga juu ya matofali,
mdogo apite, mkubwa abaki nje na hasira zake.
Nilidhani nimefikiri kila kitu.
Kufika adhuhuri wawili walikuwa na damu.
Niliwapaka majivu upesi,
maana damu ikionekana, hata mpole huja kuonja.

Mmoja tu, mwekundu, hakukimbia.
Alidonolewa, akasogea hatua mbili,
akarudi kwenye pumba.
Akadonolewa tena. Akarudi.
Nilimpa jina la kwetu, Mingoyo. Sikumwambia mtu.

Msimu wa mabibo ulipoingia, banda lilikuwa limetulia:
Mwenyekiti wa kwanza, Mingoyo wa tano.
Ndipo Chitanda, jirani, akanilipa debe langu la mahindi
kwa vifaranga watatu, wembamba kama swali.
Wavu ukarudi katikati.
Na aliyesimama hapo kutwa nzima, kifua mbele,
akigonga matundu ili tu wamsikie,
alikuwa Mingoyo.

Nilicheka peke yangu. Nikaingia jikoni.

Fidea, mke mpya wa shemeji, wiki ya pili hapa,
alikuwa amekaa karibu na jiko akichambua choroko.
"Samahani," nikasema, "inuka kidogo,
kuna kijiko changu hapo chini."

Hakukuwa na kijiko.
Aliinuka haraka, kama mtu anayejua.
Nikabaki nimeinama, napapasa majivu,
mdomo wangu bado uko wazi.