Kiti cha Dereva

Nyuma ya soko la Kibuye, Opanga
ameng'oa viti vya Pijo ya baba,
kavilaza juani kama wagonjwa.

Chini ya zulia: mchanga wa Ahero,
punje za mchele, risiti ya petroli,
na jino langu la utotoni
nililolilia hadi Kericho.

Dari iliyoning'inia ameinyoosha kwa gundi.
Nyufa za dashibodi amezijaza,
akazipiga msasa hadi zikanyamaza.

"Sponji ya dereva imebonyea," asema.
"Nikuwekee mpya?"

Nakikalia palepale juani.
Bonde lile lanipokea,
pana kunizidi, limeinamia kushoto,
kulihurumia lile goti bovu.

Shona ngozi mpya, Opanga.
Bonde liache.