Fedha za Turubai

Alhamisi saa tisa tulihesabu vyombo vya matanga:
sahani mia na arobaini, mbili zimemeguka ukingo,
sufuria kubwa nane,
turubai moja, kiraka penye mlingoti.
Mimi ndiye mshika daftari.
Naandika kila kinachotungoja tufe.

Kavosa alikuja na kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi.
Sitini na tisa, mwezi wa nane atatimiza sabini,
akasema ng'ombe amempiga teke.
Ng'ombe tunamjua. Aliuzwa sokoni Mudete
kabla ya palizi, na hela zake zikanywewa kabla ya mavuno.
Hakuna aliyesema neno.
Imali alimega kiazi, akampa nusu kubwa.

Tuliujua mkono ule ulipokuwa kijana.
Tukaambiana: utazeeka, utachoka.
Haukuchoka. Ulipewa mkongojo,
ukaubadilishia kazi.

Kaka zake walimrudisha mara mbili,
mwaka wa njaa na mwaka wa mahindi mengi.
Mchungaji alimwuliza: Mama, imebaki miaka mingapi,
si umalizie tu?
Kwa naibu wa chifu kijana mmoja alicheka:
Nyanya, na nyinyi bado?
Mwanawe wa Nakuru hutuma mia tano
na salamu kwa wote wawili.

"Soma," Imali akaniambia. "Kavosa akifa, tunampa nini?"
Nikasoma. Jeneza, elfu kumi na nane.
Mchele. Gari la kutoka mochari ya Mbale.
Turubai, siku tatu.
"Basi apewe akiwa anasikia."

Jerusa, mwenyekiti, akataja kanuni:
sanduku halifunguliwi bila maiti.
Ndipo Kavosa akafungua kitambaa.
Jerusa alitazama, akainama,
akautafuta ufunguo kifuani mwake
kwa muda mrefu kuliko ufunguo unavyotafutwa.

Hatukununua makubwa.
Mlango wa mbao wa jiko lake, komeo kwa ndani.
Nauli ya kwenda kupimwa sikio lile lililokufa.
Simu ya kubonyeza, majina yetu sita ndani.
Na zamu, ambazo hazina bei:
kila usiku mmoja wetu hulala kwake,
na shuka lake, na kikohozi chake.

Usiku wa kwanza ulikuwa wangu.
Mkongojo ulikuja saa nne, ukagonga mbao mpya.
"Nani yuko humo?"
Nikataja jina langu na la baba yangu,
kwa sauti ya kusomea hesabu.
Ukasimama.
Kisha tukausikia ukishukia migombani,
polepole, mzee kama sisi.

Nilidhani amelala.
Mafiga yalikuwa bado na joto.
"Yule ng'ombe," Kavosa akasema gizani,
"hakuwahi kunipiga hata siku moja.
Alikuwa mpole.
Nilikuwa nikimwita Shangazi."