Vidole Havisomeki

"Weka tena, mama," anasema kijana wa laini
chini ya mwavuli wake, stendi ya Newala.
Naweka. Kile kidude kinawaka kijani, kinafikiri,
kinakataa.
"Futa jasho." Nafuta kwa pindo la khanga.
"Usikandamize." Sijakandamiza.
"Basi jaribu hiki." Hiki nacho bubu.
Anakigeuza kiganja changu juani
kama mtu anayeshuku noti:
"Vidole vyako, mama, havisomeki."

Nacheka. Ananitazama.
Utamwelezaje mtoto aliyezaliwa na skrini mkononi
kwamba alama zangu niliziacha Mnyambe,
uani kwa mama, msimu wa korosho?

Debe lililotobolewa misumari, moto chini yake,
moshi mweusi unaokaba koo hadi machozi,
na sisi watatu kwenye gogo moja:
mimi, Mfaume, na Shida
aliyekula moja kwa kila tatu alizobangua
na kuapa haki ya Mungu hajagusa.
Jiwe chini, kipande cha chuma juu.
Ta! Ganda linaachia,
na mafuta yake yanaingia vidoleni polepole,
kama deni.
Tulijipaka majivu. Mama alisema majivu yanatosha.
Hayakutosha.
Kufika Ijumaa tunabanduka ngozi kama vitunguu,
tunashindana nani katoa kipande kirefu,
tunavibandika ukutani, kwenye udongo mwekundu
ulio bado mbichi.
Mfaume alishinda. Enzi zile alishinda kila kitu.

Mkekani, katikati ya makopa,
baba alianika betri nne za redio
zipate roho ya kufika taarifa ya habari.
Mara moja mama alikusanya makopa kwa haraka, mvua inakuja,
na betri moja ikaenda nayo kinuni.
Mchi uligonga chuma. Kimya.
Halafu baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka,
akakaa chini kabisa, akashika tumbo.
Usiku ule hatukujua nani kafa, nani kachaguliwa.
Tulijua tu baba ana pengo la jino upande wa kushoto.

Nywila hatukuwa nazo.
Kisima cha maji ya mvua kilikuwa na kufuli,
ufunguo ukalala kwenye fundo la khanga ya mama,
na mama akalalia fundo.
Kata moja ya kunywa. Nusu kata ya uso.
Miguu ikasubiri Mungu.

Sisemi kulikuwa kuzuri.
Shida alikohoa ule moshi mpaka siku ya ndoa yake.
Na barua ya kwamba Mfaume amelazwa Ndanda
ilitufikia Mfaume mwenyewe ameshaketi jikoni,
anakula ming'oko,
akatusomea kwa sauti habari za ugonjwa wake.

Nyumba ilianguka na mvua, mwaka niliozaa kitinda mimba.
Ukuta ukarudi kuwa udongo.
Mule ndani nimo mimi, vipande vipande,
nasomeka vizuri sana, hakuna wa kusoma.

"Mama? Foleni inasubiri."
"Jaribu hiki cha mwisho," namwambia.
Kidole kidogo, kile nilichokiinua pembeni
kila nilipobangua, nikijifanya mke wa karani anakunywa chai.
Shida alikichukia kidole hiki.
Kidude kinawaka. Kinalia pii.
"Hongera, mama, umesajiliwa."

Kumbe ndicho wanachonijulia:
kivivu kuliko vyote,
ambacho hakikufanya kazi hata siku moja
katika nyumba ile.

Nampigia Mfaume, yuko Tunduru.
Anauliza namba ya nani hii.
Nataka kumwambia ni ya kidole kidogo.
Nakohoa kidogo, badala yake,
ule ukohozi wa uani,
na upande wa pili naye anakohoa.