Dakika Kumi na Moja

Tulipanga foleni tangu alasiri,
mvua ya Hull ikitupima mabega kama fundi cherehani,
watu wazima na majoho ya mashuka.
Mbele yangu mhasibu wa benki, kichwani sufuria ya plastiki.
Kofia ya vita, alinisahihisha. Pauni mia na ishirini.
Miaka kumi na sita tumeingoja filamu hii.
Kuna waliooana na kuachana humo humo katikati.

Taa zikazimwa. Tukapiga makofi hata kwa tangazo la bia.

Kisha wakatueleza.

Wakatueleza Bwana Kifuniko kazaliwa wapi,
mama yake nani, uji alipenda mzito au mwepesi.
Kile kikohozi chake, kikohozi kilichotukosesha usingizi,
kumbe ni vumbi la kiwandani; tazameni, kiwanda hiki hapa,
na daktari huyu hapa anasoma vipimo.
Kila kovu na risiti yake.
Halafu kikao, wallahi, kikao kizima cha bodi,
na ajenda, na yatokanayo, na mengineyo.

Mhasibu alivua sufuria yake taratibu
akaipakata, kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika.

Nje watu walitukana. Mmoja alilia waziwazi:
wameuchukua utoto wangu, alisema, wameuchukua.
Nikatikisa kichwa kukubali, nikatukana nami,
nikavuka hadi kibanda cha simu, kile cha rangi ya malai
(mji huu hata simu zake zimekataa kufanana na za wengine),
nikampigia kaka yangu Shaweji, Winnipeg,
ambako usiku ulikuwa bado mbichi.

"Wameiharibu," nikasema.
"Wameharibu nini?"

Hapo nikakwama.

Maana ile ya kwanza sikuiona sinema.
Niliiona chumba cha juu, Spring Bank, baridi yetu ya kwanza,
mita ya gesi inameza sarafu, miguu minne blanketi moja,
kanda ya kuazima kwa Bwana Ollerenshaw wa chini,
ambaye juu ya vita vya mwisho alikuwa amerekodi snuka:
dakika kumi na moja za kitambaa cha kijani,
mzee wa kizibao anazunguka meza, anapaka chaki,
halafu ghafla nyota tena, na nusu ya jeshi imeshakufa.

Na Kiingereza hatukukijua.
Shaweji, wa miaka kumi, alisema yeye anakijua.
Akakaa ubavuni mwa televisheni, akanifasiria:
"Anasema, mimi sikuzaliwa, niliazimwa."
"Anasema, ukiifungua kofia hii utakuta kofia."
Na ile mipira ilipoanza kugongana juu ya kijani,
"Hizo sayari," akasema. "Yule mzee ndiye
anayeamua ipi itumbukie. Nyamaza. Anapiga hesabu."

Miaka kumi na sita nilikuwa nikimngoja mzee wa kizibao.
Hakutokea.

Simu inakula sarafu. Nasikia Shaweji anatafuna kitu.
"Ulikijua kweli? Kiingereza. Wakati ule."
"Nilijua ndiyo, hapana, na bei ya mkate," anasema.
"Na nilijua wewe hulali."

Mhasibu anapita nje ya kioo,
sufuria kaigeuza juu chini, imejaa maji ya mvua,
anaibeba kwa mikono miwili, sijui anaipeleka wapi.

"Haya, nisimulie," anasema Shaweji. "Huku bado haijafika. Inaanzaje?"

Nina sarafu tatu.
"Inaanza na meza," nikamwambia. "Kubwa. Ya kijani.
Na kimya kama kile cha chumba chetu mita ilipozima."
Nikamsikia ameacha kutafuna.

Kikao cha bodi nilikiruka.